Buti la Baba Mkwe

Wenzangu, leo nimechekesha Matema nzima, wala sikukusudia. Naandika upesi kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana wao wataongeza chumvi. Kisa changu hakihitaji chumvi.

Mnajua nimeolewa Bujonde, mwezi wa nane huu. Na mila yetu mnaijua: mwanamke haonani na baba mkwe wake. Akija huku, mimi napita kule. Akinikuta ghafla, najifunika shuka usoni na kuchuchumaa mpaka apite. Jina lake silitaji. (Hata hapa kalamu imegoma.) Kwa hiyo sura ya mzee yule siijui. Ninachokijua ni miguu yake, kwa sababu nikichuchumaa ndiyo ninayoiona: mipana, mikavu, na kidole gumba cha kushoto kimewapa wenzake mgongo.

Leo ilikuwa sikukuu ya nyimbo, ile ya kila mwaka baada ya mavuno, vijiji vya misheni vinapokutana Matema na makwaya yao na tarumbeta zao za Udachi. Mimi nilichaguliwa kuanzisha wimbo wa Bujonde. Mimi! Peke yangu, ubeti mzima! Wiki tatu nimeuimbia mpunga na mbuzi.

Mama mkwe aliniruhusu kwa shingo upande.

"Utaimba," alisema, "lakini baba yako naye atakuwepo. Ukimvunjia heshima mbele za watu, kuimba kwako ndiyo basi. Umesikia?"

"Nimesikia, juba." (Ndivyo tunavyomwita mama. Nilimwita kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao.)

Baba mkwe alitangulia alfajiri, sisi tukafuata baadaye ili tusikutane njiani. Tulipofika, watu walikuwa hawana idadi. Wengine walitazama ziwa, wengine tarumbeta. Mimi nilikagua miguu. Mguu hadi mguu, kichwa chini, mpaka shingo ikauma. Mwishowe nikaona heri nijifiche mpaka zamu yetu ifike. Nyuma ya kanisa wanawake wa Kikisi walikuwa wamepanga vyungu vyao vya kuuza, na kando yake palikuwa na gogo. Nikajiambia, mkwe wangu hawezi kuja kukaa kwenye vyungu.

Kwenye gogo aliketi mzee mmoja, kofia kichwani. Nilianzia chini, kama kawaida yangu. Mabuti! Mabuti meusi ya ngozi, yamefungwa kamba mpaka juu. Moyo ukatulia. Baba mkwe wangu hajavaa kiatu tangu azaliwe. Basi nikainua uso, nikamtazama mzee wa watu machoni kwa raha zangu zote, nikapiga goti kumsalimu, nikaketi.

"Mbona umejitenga, tata?" nikamuuliza. (Tata ni baba, kwa heshima.)

"Namkwepa mkwe wangu, mke wa mwanangu. Naye yuko hapa leo."

"Hata mimi namkwepa wangu!"

Tukacheka. (Mwenye akili angeunganisha mambo hapo hapo. Mimi nilimmenyea ndizi.)

"Ni binti mwenye adabu," mzee akaendelea, "ila mchuzi wake wa samaki! Chumvi tupu. Nakunywa maji usiku kucha kama ng'ombe."

"Pole sana, tata. Wasichana wa siku hizi hawafundwi na mama zao." (Mama, nisamehe.)

"Na wako je?"

"Wangu shida yake kikohozi. Akikaribia anakohoa ili nijifiche. Sawa. Lakini anakohoa hata akiwa ameketi kwake! Mara ngapi nimejifunika peke yangu jikoni, ndizi zinaungua, kumbe mzee kapaliwa na ugoro tu."

Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Huyo ni mzee mpumbavu," akasema.

"Sana," nikakubali.

Kisha akaanza kukunja uso. Mabuti yalikuwa yanamuuma. Mwanawe alimnunulia juzi huko Mwaya ili apendeze kwenye sikukuu, na alikuwa ameyatembelea tangu alfajiri.

"Vua basi, tata. Nani atakutazama miguu?" (Nani! Mimi niliyeshinda nikikagua miguu ya nchi nzima!)

La kushoto lilikataa kutoka. Nikapiga magoti, nikashika kisigino, nikavuta. Likagoma. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Likachomoka ghafla, nami nikaenda chali hadi kwenye vyungu, buti kifuani. Nikainua kichwa. Mbele ya pua yangu kulikuwa na kidole gumba kilichowapa wenzake mgongo.

Na wakati ule ule sauti ikaita kutoka mbele ya kanisa: "Tusekile, mke wa Ambokile! Bujonde, zamu yenu!"

"Abee!" nikaitika. Mdomo wangu huu.

Mzee akanitazama. Nikamtazama. "Kyala!" akamwita Mungu, akajishindilia kofia usoni. Mimi nikajitupia shuka kichwani. Yeye akakimbilia kulia, anachechemea na buti moja. Mimi nikakimbilia kushoto, sioni kitu. Lakini kanisa, ndugu zangu, ukilizunguka kulia au kushoto unatokea mbele kule kule. Tukapigana kikumbo mbele ya makwaya yote, wachungaji wote na vijiji vyote. Akaanguka huku, nikaanguka kule.

Tarumbeta zikanyamaza. Mume wangu alikuwa mmoja wa wapigaji. Nasikia alibaki na tarumbeta mdomoni kama mtoto na muwa. Halafu watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo nikasimama pale pale, shuka kichwani, buti kwapani, nikaanzisha wimbo. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Kwaya ikanipokea.

Baadaye nilikaa peke yangu nikilia. Si kwa kicheko cha watu. Nililia kwa sababu nilijua sitaimba tena, na kuimba ndicho kitu pekee nilichokuja nacho Bujonde ambacho ni changu.

Jioni mama mkwe akaja, akasimama mbele yangu.

"Baba yako amesema sauti hiyo isinyamazishwe."

Nikaruka. "Ndaga fijo, juba! Asante sana!"

"Sijamaliza. Amesema pia, kwa kuwa umeonyesha kwamba unaweza kuimba ukiwa umejifunika, basi utaimba hivyo hivyo. Kila Jumapili. Mpaka mmoja wenu afe."

Basi, mkija kusali Bujonde mkaona shuka linaimba, ni mimi. Na msinicheke. Hasa wewe, Subilaga. Nimesikia posa yako imeshapokelewa.