Punje Nzito Kama Mlima

Jumatatu, 3 Machi

Leo asubuhi kitu kutoka angani kimeniingia utosini, kikatokea unyayoni, nami nikaendelea kunywa chai. Wanaume kama mimi hawazaliwi tena.

Haya, si utosini. Kilichotoboka ni bati la banda la mashine ya kusaga. Wala si kitu cha angani. Ni mimi na msumari wa inchi nne, nilipopanda kufunga waya wa redio. Daftari ni langu, nimwogope nani?

Tabu ni mvua. Imepita kwenye tundu hilo ikalowesha gunia zima la unga wa mteja. Shemeji, mjane wa marehemu mdogo wangu na ndiye mwenye mashine, ametangaza kwamba aliyetoboa bati, awe nani, ataondoka kwenye kiti cha mizani akafagie pumba. Alisema "awe nani" huku akinitazama mimi. Kiti hicho nimekikalia miaka kumi na mmoja. Kina mto. Ufagio hauna mto.

Jumanne, 4 Machi

Redio imeniokoa. (Ule waya unashika vizuri sana.) Mtaalamu alieleza kuwa huenda huko angani kuna maada iliyoshindiliwa mno. Punje yake moja ina uzito wa mlima, na ikija huipenya Dunia nzima kama sindano kwenye kitambaa, ikatokea upande wa pili. Akaongeza kwamba hakuna aliyewahi kuiona, bado ni dhana tu. Hapo nikazima. Mtu akishasema la maana anyamaze.

Nikampelekea Shemeji habari: bati limetobolewa na punje. Akauliza punje ya nini, mahindi au mtama. Nikasema ya maada. Akasema hajawahi kusaga maada, na kwamba kwake punje haipiti bila kupimwa. Lakini alisita. Nilimwona.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu mstaafu, yule anayeleta mahindi kilo mbili mbili ili apate nafasi ya kubishana, amenikaba koo. Amesimama chini ya tundu, akashusha kidole taratibu mpaka kwenye mizani. Akauliza, hiyo punje ilipofika hapa ilipiga kona? Maana bamba la mizani ni zima kama yai. Shemeji akaguna. Mguno huo marehemu mdogo wangu aliukimbia miaka thelathini.

Mchana, watu walipokwenda kula, nikaazima keekee ya Fundi wa mashine. Kuazima ni neno pana, mwenyewe hakuwepo. Nikatoboa bamba. Nikatoboa na kofia yangu, kwa kuwa nilishasema nilikuwa nimekaa pale pale. Kazi safi.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu ameona bamba, akanipa pole. Akaona kofia, akauliza mbona kichwa hakina tundu. Nikamjibu kichwani mwangu hakiingii kitu hata kwa nguvu. Alikubali haraka mno, sikupenda.

Kisha akagonga sakafu kwa fimbo. Saruji nzima. Kama imetokea upande wa pili wa Dunia, ilipitia wapi?

Mchana, keekee tena. Saruji aliyomwaga mdogo wangu si ya mchezo. Nikazungusha, nikazungusha, tak. Ncha imekatikia ndani. Nimevuta kwa vidole, nimevuta kwa kitambaa, imegoma. Nikakaa chini nilie. Halafu nikaacha. Kitu kidogo, cheusi, kimezama sakafuni, hakivutiki. Babu wee, si ndiyo punje yenyewe hii?

Ijumaa, 7 Machi

Siku yangu. Nimetangaza kwamba punje ilichoka njiani, ikabaki kwetu. Wateja wakapanga mstari kuivuta. Mpiga pasi akashindwa. Muuza mkaa, mwenye mikono kama nguzo, akaanguka chali. Mwalimu mwenyewe alipiga goti, akavuta, akainuka anahema, akasema basi, huenda. Huenda, kutoka kinywa kile! Shemeji akaniletea chai hapo hapo kitini, sukari vijiko vitatu, bila kuombwa.

Ndipo akaingia Fundi, anatafuta keekee yake. Akainama. Akatoa koleo mfukoni, akazungusha kushoto mara mbili, kikatoka kama jino bovu. Akakipangusa, akasoma maandishi ya ubavuni, akasema kwa upole, "Mzee, mlima huu ni wangu. Saizi ya kumi."

Mwalimu alicheka mpaka akasahau unga wake. Shemeji hakucheka. Alichukua kikombe, chai ikiwa nusu, akanikabidhi ufagio.

Jumamosi, 8 Machi

Pumba zinaingia puani. Mwalimu ndiye anayepima. Amekalia mto wangu, na anawasahihisha wateja Kiswahili.

Nimejitafakari sana, na kosa langu nimeliona. Saruji inataka ncha ya saruji. Mimi nilitumia ya mbao.

Leo redio imesema maada ile ikipita huenda ikatikisa ardhi hata bila kuacha tundu. Bila tundu! Kiti cha mizani kina miguu minne, kila mguu na nati yake. Moja ikilegea, Mwalimu akadondoka mbele za watu, nani atabisha?

Fundi, najua unasoma daftari hili. Ukurasa wa Jumatano una kidole cha grisi. Nilikushikia ngazi asubuhi nzima ulipofunga mkanda wa mashine, ukasema utanilipa fadhila. Sitaki kikubwa. Niachie spana namba kumi na tatu chini ya gunia la pumba, mpaka saa sita tu.