Mbuzi Waliozuia Ndege Isitue

Asubuhi redio ya Penina, muuza kahawa wetu wa mtaa wa Nkuhungu, ilitangaza kwamba kile kiwanja cha ndege cha zamani kinaandikiwa kitabu, na wenye kumbukumbu wajitokeze. Kufika saa nne kijiwe kimejaa mashahidi.

"Ndege ya kwanza inatua, mimi nimesimama hapa," akaanza Hansadi, mhudumu wa ofisi mstaafu, aliyepewa jina la kumbukumbu za Bunge kwa kuwa anakumbuka hata neno ambalo hukusema.

"Acha kamba! Ulikuwa hujazaliwa!" akadakia Kepteni, ambaye hajawahi kupanda hata ghorofa ya tatu. "Baba yangu ndiye alibeba kokoto za pale. Kichwani! Ule upara ulitoka wapi?"

"Upara ni wa ukoo wenu, usiisingizie serikali."

Mimi nikasema babu yangu ndiye aliyempungia rubani shuka ili ajue pa kutua. Uongo mtupu. Lakini nakiri, nilitaka ukoo wetu uingie kitabuni. Miaka yote ndege zinapita juu ya bati zetu, na mchango wetu ni kunyamaza zipite, tuendelee kubishana.

Akafika Frida, mwanafunzi wa chuo anayekusanya habari za kitabu chenyewe.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba!" tukaitika, tumekaa wima utadhani tunapigwa picha ya kitambulisho.

"Kwenye daftari za zamani, wenyeji mmetajwa mara moja tu," akasema, akifungua laptop. "Ndege ilizunguka angani nusu saa. Mbuzi wa mwanakijiji walikuwa wamelala kwenye njia ya kurukia."

Kepteni akapiga paja. "Mbuzi wa baba!"

"Baba yako si alikuwa kwenye kokoto?"

"Asubuhi kokoto, jioni mbuzi!"

"Wale walikuwa wetu," Hansadi akang'aka. "Kulikuwa na beberu wa pembe moja, mkaidi, asingeipisha ndege hata ingekuwa na waziri."

"Na jike mmoja wa kwetu alikuwemo," nikachomekea.

Penina akaweka birika chini. "Watu wazima mnagombania mavi ya mbuzi!"

"Sijamaliza," akasema Frida. "Ndege ilipotua, mwenye mbuzi alitimua mbio mpaka Makutupora. Akawaacha mbuzi hapohapo. Alirudi siku ya tatu."

Hansadi akakohoa. "Wetu walikuwa weupe. Hao sio."

Na yule jike wetu, nikakumbuka ghafla, siku hiyo alikuwa zizini.

Kepteni akavua kofia, machozi yanamlengalenga. "Alikimbia akaacha mifugo? Andika, binti. Hapo sina shaka tena, kwa woga huo, huyo ni baba kabisa."