Ombi la Kuziba Mashimo katika Faili la Mikarafuu

Wete, Pemba

Kwako Ami Nassor, mtu wa makao makuu na kiongozi wa tume,

Assalamu alaikum. Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango, na maneno haya yasimfikie yeyote, hata mkeo Bi Khairat, ambaye nampenda lakini anapenda kusimulia. Nimeandika kwa mkono na kumpa Jaribu, jirani yetu anayesafiri leo, kwa sababu kwenye WhatsApp kidole changu huteleza, na kikundi cha ukoo kina watu wengi.

Ami, mimi ni karani wa majaribio katika ofisi ya kusajili mikarafuu. Jumatatu Bi Rawya, mkuu wangu, ataamua kama nithibitishwe au nirudi kwa Mama. Jumatatu hiyohiyo inakuja tume yako, na nadhani inakuja kwa sababu ya ripoti yangu. Ndani yake nimeandika kwamba faili la sajili limejazwa mikarafuu hewa, kama vile kulivyokuwa na watumishi hewa. Kisha, baada ya kuitoa ripoti, nikasoma kitabu cha maelekezo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Faili letu ni kubwa kuliko diski lililomo. Nilipoliona nilianza ripoti papo hapo, kwani hata gunia la karafuu haliwezi kubeba gunia kubwa kuliko lenyewe. Kitabu kinasema hakuna ajabu. Kila shehia imetengewa mahali pake ndani ya faili, na baina ya miti ya Wingwi na ya Shumba pameachwa pengo refu la miti ambayo bado haijasajiliwa. Pengo hilo kompyuta hailiwekei nafasi yoyote kwenye diski. Inakumbuka tu kuwa hapa patupu, na ukiliuliza inakujibu kwa sifuri, bila haya. Urefu wa faili unahesabu mapengo, diski haiyahesabu. Mimi, ambaye stashahada yangu Mama ameitia fremu na kuitundika juu ya televisheni, sikulijua hili.

2. Hata sehemu zenye kitu hazikukaa pamoja. Kipande kimoja kiko mwanzo wa diski, kingine katikati, kingine nyuma ya picha za harusi ya mtu fulani wa ofisini. Kompyuta ina orodha yake ndogo ya kujua kipande gani kinafuata kipi, na inaridhika. Nami niliandika katika ripoti kwamba mwizi amelikatakata. Bi Rawya aliposikia alisema, "Mwanangu, Mzee Haroub wa Kiuyu ana mikarafuu Wingwi, ana mitatu Shumba, na mmoja umo ndani ya shamba la mkwewe. Nani kamkatakata?" Kwa hiyo, ili sheria iwe moja, naomba pia mikarafuu yote ya mirathi ing'olewe na kila mrithi akusanyiwe miti yake mahali pamoja. Bi Rawya ameniambia nianze na ile ya babu yangu. Baba yako, Ami, ndiye aliyeipanda.

3. Nililinakili faili kwenye diski hiyohiyo ya ofisi, liwe ushahidi. Programu niliyoitumia ni nyofu kupita kiasi. Ilifika kwenye pengo, ikaandika sifuri moja baada ya nyingine, zote, hadi diski ikajaa na ofisi ikasimama. Nilikuwa nahamisha utupu kwa uangalifu mkubwa. Siku hiyo Mzee Haroub alikuja kusajili miti yake kabla ya kuanza uchumaji. Nikamwambia nafasi imekwisha.

"Imejaa nini?"

"Hakuna kitu, Mzee."

"Basi nipe mimi hicho hakuna kitu nikakiweke uwani kwangu, nanyi mpate kuniandika."

Akacheka, wakacheka wote. Mimi nikajifanya natafuta kalamu.

4. Hata katika safu za sala tunaambiwa tuzibe mianya. Kompyuta ya serikali inawezaje kuachiwa yake? Naomba tume iamuru kila faili likae mahali pamoja na lijae kama linavyodai. Likishindwa, inunuliwe diski kubwa ya kutosha kuuweka utupu wetu wote, na aajiriwe mlinzi wake. Kazi ya kuziba mashimo niko tayari kuifanya mimi, kwa kuandika sifuri.

Najua ungeuliza kwa nini nisiifute ripoti tu. Sithubutu, Ami. Ni rahisi zaidi kompyuta ibadilike kuliko mimi kusema nilikosea, kwani kompyuta haina mama wa kumwonea haya.

Mama anakusalimu, na Bibi, na wote wa nyumba ya chini. Wabusu watoto kwa niaba yangu, bila ya kuwaeleza sababu.

Ni mimi, mwanao mwenye hofu na heshima,
Buthaina

Nyongeza, kwenye karatasi ya pekee: Ami, Jaribu ameshaondoka na bahasha, hii naituma kwa ndege imtangulie. Nyuma yake Bi Rawya ameniuliza kwa nini nimepauka, nikamweleza habari ya tume. "Tume ipi? Wanakuja kuangalia paa linalovuja." Na ripoti yangu? "Ilikuwa nene, mwanangu. Nikaiweka mtotoni mwa meza." Kuthibitishwa kwangu kumbe alikwisha kukutia saini wiki iliyopita. Kwa hiyo mtu pekee wa makao makuu atakayejua nilichokifanya ni wewe, na nimekujuza mimi.

Bahasha ya kwanza ikikufikia, usiifungue. Ifanye kama kompyuta inavyofanya, utaratibu mzuri sana: kumbuka tu kuwa hapo patupu, upite. Usipige simu ya ofisini, Bi Rawya huipokea kwa spika. Mpigie Mama. Ukiuliza habari za mbuzi, nitajua hukuisoma. Ukiuliza habari zangu, nitakuwa Wingwi kwa shangazi, nyumba ya pili baada ya madrasa, na ukibisha hodi sema wewe ni muuza mkaa.