Malalamiko Dhidi ya Utulivu Unaoruka Ukuta

Kwako Mama Mkuu wa Kituo,

Natumaini u mzima. Mimi jirani yako, fundi wa spika, si mzima hata kidogo, na chanzo ni ile bustani mliyowatengenezea watu wenye usonji nyuma ya karakana yangu. Aliyeichora ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, naye pia ana usonji. Nampenda mno. Ndiyo maana nakulalamikia wewe, si yeye.

1. Kimya. Kabla hajachora hata mstari, mpwa wangu alikuja karakana ameziba masikio kwa viganja. "Mjomba, spika zako zinanichoma. Zijaribu jioni, watu wakishaondoka." Nikakubali. Sasa mchana kumetulia, na wateja wanasikia jinsi kila spika niliyoitengeneza inavyokoroma. Zamani makelele yalinisitiri.

2. Harufu. Mnanaa na mrehani mliyopanda ili watu waiguse na kuinusa inaingia kwangu bila hodi. Mteja anafika amekunja uso, anavuta pumzi, anasahau kwamba alikuja kugomba. Ananiuliza habari za nyumbani! Mimi sikujiandaa kwa maswali hayo.

3. Mke wangu. Kila asubuhi anakwenda kutembea peku kwenye ile njia yenu ya mchanga na kokoto laini, kisha anarudi mpole. Juzi nimemchokoza makusudi. Akanijibu, "Sawa, mume wangu." Mama, ndoa yangu imeingiliwa.

4. Hili ndilo zito. Nilikuja mwenyewe kukagua, nimefura kama andazi. Yule kijana asiyezungumza, mnayemwita Injinia, akanishika mkono akauweka chini ya bomba la maji. Nikautoa. Akaurudisha. Nikamwambia, "Kijana, mimi nimekuja kulalamika." Akafungulia maji zaidi, akacheka mpaka akarukaruka. Hasira niliyoilea wiki nzima ikaniishia pale pale, hata ofisini kwako sijafika.

5. Kile kibanda cha kupumzikia. Kibao kinasema aliyelemewa akiingia humo asisemeshwe. Niliingia kukipima tu. Mama mkwe akanikuta. Akafungua mdomo, akasoma kibao, akaufunga, akapita. Tangu nioe, hakuna aliyenidokeza kwamba duniani kuna sheria ya namna hiyo. Mlikuwa mmeificha wapi?

Kwa hayo, naomba kwa heshima zote bustani ivunjwe. Ikishindikana, basi mfuge bata wengi, wenye sauti mbaya, upande wangu.

Nisalimie walimu, mpishi, mlinzi wa getini, na Injinia, ambaye sina ugomvi naye.

Ni mimi, niliyetulizwa bila ridhaa yangu,
Fundi Spika.

Tanbihi: Nikiwa njiani kuleta barua hii nimeona tangazo getini kwamba Jumapili bustani itafungwa ili kupanda miche mipya. Jumapili nzima? Sisi wengine twende wapi? Huu ni uonevu, Mama. Nakuja na jembe langu tumalize mapema, na naomba ile miche mikubwa ipandwe upande wangu.