Filimbi ya Darasa la Presha

Jumatatu, 3 Machi
Darasa la presha la wastaafu limeanza, ukumbi wa zahanati. Mke wangu kanisindikiza mpaka mlangoni nisije nikatoroka. Muuguzi kasema tupunguze chumvi, tutembee, tumeze dawa kila siku hata tukijisikia wazima. Nikasinzia. Nikazinduka aliposema darasa litakuwa na kiongozi: atakayeshusha presha kuliko wote, kati ya kipimo cha keshokutwa na cha Jumatatu ijayo. Kiongozi atatangulia kwenye matembezi, filimbi shingoni. Filimbi! Miaka yote ghalani niliwaamrisha wapakiaji. Tangu nistaafu hata paka wa nyumbani hanitii. Lakini jirani yangu Kengele, mwalimu mkuu mstaafu, keshakalia kiti cha mbele na kalamu mbili. Atanitambua.

Jumanne, 4 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina kipara, lakini nimewaza hivi: anayetaka kushuka sana, sharti kwanza awe juu. Kengele presha yake iko chini, atashukia wapi? Dawa leo sijameza. Nimekula karanga za chumvi nyuma ya tangi la maji, chumvi nyingine nikaongeza mwenyewe. Mke wangu kauliza kopo la chumvi limekwenda wapi. Nikamwambia sisi wagonjwa wa presha hatutaki hata kuliona. Kanisifu sana. Nikaona haya kidogo, kisha nikarudi nyuma ya tangi.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya kipimo. Nilipanda na kushuka ngazi za zahanati mpaka magoti yakaomba radhi. Kisha nikamchokoza Kengele kuhusu mpaka wa ua wetu, tukagombana vizuri. Muuguzi akanipima. Akaitazama mashine. Akapima mkono wa pili. Macho yakamtoka pima. Ushindi! Nikamuuliza kama kuna aliyenizidi. Akasema hakuna, na nisithubutu kuinuka. Nikalazwa.

Mke wangu kaja mbio, viatu havifanani. Akaniuliza nikifa namwachia nani. Akalia. Roho iliniuma kwelikweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikiri, Kengele akaingia na ndizi, akaniita ndugu yangu na kumpa mke wangu pole. Nikaufunga.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeruhusiwa. Binti yetu kahamia chumba cha mbele kunilinda. Nikimeza dawa, ananiamuru niinue ulimi aone. Huyu mtoto nilimlisha uji kwa mkono wangu mwenyewe! Mboga hazina chumvi, ni kama kutafuna gazeti.

Jioni mke wangu kaziona karanga nyuma ya tangi, na kopo lake la chumvi pembeni. Hakugomba. Heri angegomba. Alikaa kitandani akasema hana mwingine ila mimi, kwa hiyo nimwapie kwamba sitachezea presha tena. Nikaapa. Machozi yalinilengalenga, na wala sijutii.

Jumatatu, 10 Machi
Kipimo cha pili. Nimeshuka kuliko wote! Nikasimama kupokea filimbi yangu. Muuguzi akaniambia nikae. Kumbe mke wangu keshamweleza kila kitu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, Kengele akacheka mpaka akapaliwa. Filimbi kapewa yeye: ugomvi wetu wa Jumatano ulimpandisha presha, leo kashuka wa pili. Hajui hata kuipuliza, anatoa mate tu. Tukamfuata kuizunguka zahanati kama vifaranga.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Wiki ijayo linaanza darasa la sukari, chini ya muuguzi mwingine asiyenijua. Atakayeshusha sukari kuliko wote ndiye kiongozi. Nimejiandikisha wa kwanza, kisha nikapitia dukani kununua soda, zile chupa kubwa.

Kiapo nakiheshimu. Presha siichezei tena. Sukari hatukuitaja.