Mwamba wa Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote: sitaki chumba changu kirudi.

Nyumba nzima inaamini ninateseka. Tangu Bibi aanguke kule kwake pwani na kuletwa huku kwetu, yeye analala kitandani kwangu na mimi nalala kwenye kochi lenye springi moja inayonitafuta ubavu. Mama ananionea huruma kila asubuhi. Leo ameniambia nivumilie kidogo tu. Mjomba atakuja Jumapili ya tarehe 16, na Bibi akikubali kuhamia kwake, nitarudishiwa chumba. Nilipaswa kumwambia kwamba jioni Bibi anaponisomea gazeti kwa sauti yake ya ualimu, akiwasahihisha waandishi, hiyo ndiyo saa ninayoingoja tangu nikiwa darasani. Nikasema, "Sawa, Mama."

Bibi mwenyewe amesema ataangalia. Ataangalia nini? Kule kwake dirisha lilijaa bahari. Huku linatazama ukuta wa jirani na bomba la maji machafu. Anakaa kwenye kiti chake sebuleni, anatulia, halafu anatangaza kwamba saa hizi kule maji yamekupwa. Nimewahi kukagua kwenye jedwali la maji kupwa na kujaa. Hakosei.

Basi nina mpango. Daktari wa meno aliyemwajiri Mama ameondoa tangi la samaki kwenye chumba cha kungojea, ameweka skrini inayoonyesha filamu ya samaki. Tangi tumepewa sisi. Nimeliweka juu ya kabati, mahali Kaka alipopania kuweka spika zake. Bado lina kibandiko: TAFADHALI USIGONGE KIOO. Kaka hapiti bila kugonga.

Nimelijaza maji na chumvi ya bahari ya paketi. Nitamjengea Bibi mwamba wa matumbawe. Atakuwa na cha kuangalia. Ataangalia, atabaki. Sitalazimika kusema neno.

Jumatano, 5 Machi

Duka la samaki wa mapambo. Nilikwenda na kitabu changu cha bahari, ukurasa umekunjwa. Picha ya mwamba uliojaa samaki wa rangi zote hadi pembeni. Nikamwambia muuza samaki nataka hao. Akauliza wepi. Nikasema ukurasa mzima.

Ni mtu mpole, vidole vimekunjamana kwa kushinda majini. Akanieleza kwamba maji yangu bado mabichi. Samaki anachafua maji, uchafu wake ni sumu, na vijidudu vya kuula uchafu huo havijazaliwa bado. Kwanza vizaliwe. Nikauliza vinazaliwa wapi. Akaniuzia jiwe.

Jiwe. Limekulia kwenye mabeseni yake nyuma ya duka, halikung'olewa baharini, alilisema hilo kwa fahari. Linafanana na mkate uliosahauliwa nyuma ya friji. Nisubiri wiki kadhaa, kisha nimpelekee maji kwenye chupa ayapime. Yakiwa mazuri ataniuzia samaki mmoja. Mmoja!

Ningemweleza kuhusu tarehe 16. Nikasema asante sana, nikabeba mkate wangu.

Nyumbani Bibi aliuliza ni nini hicho. Nikajibu kwamba ni mwamba. Akavaa miwani, akauchunguza. Akasema haya, umeanza.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Mwamba umeota ndevu. Jana zilikuwa za kahawia kama masalia ya chai, leo za kijani na zinapepea. Kaka ameuliza kama ninanyoa wiki hii au nangoja mpaka Mjomba aje autafutie kinyozi.

Nimeusugua kwa mswaki mpaka ukawa mweupe. Baadaye nimegundua mswaki ulikuwa wa Kaka. Nikausuuza vizuri, nikaurudisha.

Nilipokuwa nasugua Bibi alianza kusimulia. Alifundisha miaka mingi shule iliyokuwa karibu na maji, na yakikupwa sana alilitoa darasa zima likatembee kwenye mwamba. Mstari mmoja, kwenye mchanga katikati ya mawe, mikono nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Asiyeweza kuweka mikono nyuma alibaki ufukweni kulinda viatu vya wenzake. Kulikuwa na mtoto mmoja mwenye maswali mengi, kila akitaka kuuliza alinyoosha mkono kwa mazoea, basi maskini alilinda viatu mwaka mzima. Bibi alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Kisha akasema labda alimwonea yule mtoto.

Halafu akaniuliza kwa nini nasugua. Nikasema ili pawe safi, tuna mgeni. Akasema, "Hm." Namjua. Hiyo ndiyo "Hm" aliyokuwa akiandika kwa wino mwekundu.

Jumapili, 9 Machi

Kaka amenizunguka. Ameazima skrini ya rafiki yake, ameiegemeza ukutani mbele ya kiti cha Bibi, akaweka filamu ileile ya kwa daktari wa meno. Samaki tele, matumbawe ya zambarau, muziki laini. Akasema wake hawali, hawanuki na hawafi, na kabati lake analitaka leo.

Mama akasema jamani, pazuri kweli. Mimi na jiwe langu tulinyamaza.

Bibi alitazama kwa adabu. Alitazama hadi chai ikapoa. Kisha akamwita Kaka, akamwambia, "Mwanangu, yule wa njano mwenye mkia uliochanika amepita tena. Anatoka kushoto, anapiga kona, anaondoka. Halafu anatoka tena kushoto." Kaka akasema filamu inajirudia, Bibi. Bibi akasema ameona, ndiyo maana anamwonea huruma.

Nimefurahi kwa muda mfupi. Usiku wake nikakumbuka kwamba wa kwangu hata kushoto hatokei. Ndevu zimerudi. Nimesugua tena.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimefanya jambo la akili nyingi.

Muuza samaki hauzi bila kupima maji. Maji yangu hayatafaulu. Lakini yapo maji yatakayofaulu kwa hakika, nayo yapo dukani kwake. Baada ya shule nikaingia na chupa tupu ndani ya sweta. Alikuwa anamhudumia mama mmoja aliyekuja na mtoto wake, aliyetaka samaki asiyemtazama sana. Nikapiga magoti kana kwamba nafunga kamba za kiatu, nikachota kwenye tangi lake la chini. Nikatoka nje. Nikaingia upya, chupa mkononi.

Akadondosha dawa yake, akatikisa, akainua kwenye mwanga. Akashangaa. Akasema ni maajabu, maji haya yamekomaa kama ya kwake kabisa. Akanipongeza kwa uvumilivu. Akasema vijana wa siku hizi hawana subira, lakini mimi ni mtu wa kusoma, inaonekana. Masikio yaliniwaka moto.

Nimerudi na samaki. Wa rangi ya chungwa, mistari mitatu myeupe, hazidi kidole gumba. Nimemwingiza taratibu kama kitabu kinavyosema. Bibi akasogeza kiti. Kaka aligonga kioo, na samaki akamgeukia kama anayesema nini wewe.

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu.

Jumatano, 12 Machi

Samaki yuko juu ya maji, anahema. Nilipotoka shule alikuwa hivyo. Mdomo wazi, mapezi yamebanwa mwilini. Nilimwonyesha kitabu. Sijui kwa nini nilimwonyesha kitabu.

Bibi akaniuliza polepole maji yalipimwa wapi. Nikamweleza yote, nikiwa nimeinamisha kichwa, hadi sehemu ya sweta. Nilingoja "Hm." Hakuiguna. Akasema arudishwe kwa mwenyewe sasa hivi. Nikasema siwezi. Nitamwangaliaje yule mtu, aliniita mwenye subira. Nikasema Mama akirudi labda ataenda.

Bibi akaomba viatu vyake.

Ieleweke kwamba tangu aletwe, Bibi hajavuka mlango wa mbele. Mama alimbembeleza afike hata barazani, akasema kuna nini huko. Leo ameshika mkongojo mkono mmoja, mkono mwingine kanishika begani, na mimi nimebeba ndoo ndogo. Tulitembea kama maandamano ya watu wawili. Kila penye kivuli alisimama na kuuliza hali ya mgonjwa.

Dukani nilikuwa nimeandaa hotuba. Muuza samaki alimwamkia Bibi shikamoo, akachungulia ndoo, akanitazama mimi. Hotuba ikapotea. Bibi akasema, "Marahaba, baba. Mjukuu wangu ana neno." Nikasema neno lenyewe lilikuwa la kwako, namaanisha maji, yalikuwa ya kwako. Muuza samaki akasema ndiyo maana yalikuwa mazuri. Akamchukua samaki, akamtia kwenye tangi lake, akasema huenda akapona, tuombe.

Tulingoja. Bibi aliegemeza mkongojo kwenye kaunta. Akaanza kutembea taratibu katikati ya matangi, tangi hadi tangi, mikono nyuma. Hakugusa kitu. Mgongo ulinyooka. Nilipojitazama, na mimi nilikuwa nyuma yake, mikono nyuma, mstari mmoja. Na nyuma yangu kulikuwa na mtoto wa yule mama wa jana, walikuwa wamerudi dukani, naye vilevile, na hakuna aliyemwambia.

Tulipofika mwisho wa safu, samaki alikuwa ameteremka chini, anatafuna mchanga na kuutema.

Njiani Bibi alinisimulia kuhusu dhoruba kubwa iliyovunja mwamba wa shule yake. Alipowapeleka watoto walikuta kifusi cheupe. Wengine walilia. Kikaota ndevu za kijani, akaona aibu kama mimi, lakini hakukuwa na mswaki wa kutosha bahari. Wakaja konokono kula ndevu. Wakaja kaa wadogo. Samaki walikuja mwishoni kabisa, na watoto waliolilia kifusi walikuwa wameshamaliza shule. Aliwaandikia wengine. Hakumbuki nani alijibu.

Akasema jiwe lako linajua kazi yake, liache.

Ijumaa, 14 Machi

Sijasugua. Imeniuma.

Ndevu zimetanda. Kaka amekuja na mkasi.

Jioni Bibi akaniita kwa sauti ya darasani. Kwenye tundu la jiwe ulikuwa umetoka mkono. Mwembamba kama uzi, una vinywele, unapapasa ndevu. Ukafuata mwingine. Kumbe ni kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye mikono mitano kama nyota, tena mdogo, mwili wake kama kichwa cha pini. Alikuwamo siku zote, na mimi nampitishia mswaki juu ya paa!

Tulisimama mbele ya kioo, mikono nyuma. Mama akaja. Kaka akaja na mkasi wake, akainua kidole kugonga, Bibi akamwambia akalinde viatu. Hakuelewa, lakini alirudi nyuma.

Gazeti hatukusoma. Sikujali.

Jumapili, 16 Machi

Mjomba amekuja. Amemwelezea Bibi bustani yake, kibaraza chake, chumba chenye choo cha ndani. Kaka aliwasha skrini. Wa njano akatoka kushoto.

Bibi akasikiliza yote. Kisha akasema, "Nakushukuru mwanangu, nitakuja kukutembelea, siku hizi natembea. Lakini siwezi kuhama, kuna mtu kwenye lile tundu sijamwona mwili wote." Mjomba akachungulia tangi, akamtazama Mama, Mama akainua mabega.

Baadaye Mama akanivuta jikoni kuniomba radhi kwa habari ya chumba. Nikaweka uso wa huzuni inayofaa. Kaka alinipa mto wake bila kuambiwa, hajawahi kunipa chochote.

Bibi ndiye aliyenikamata. Akauliza, tukiwa wawili tu, kama kweli sina kinyongo na chumba changu. Nilikuwa na sentensi tayari. Nimeitunga tangu siku aliyokuja, ina kiima na kiarifu. Nikafungua mdomo, nikasema pampu inahitaji kusafishwa.

Akasema, "Hm."

Nikaenda kusafisha pampu. Haikuwa chafu. Nikafikiri: kiti cha pweza ni mmoja tu, Bibi atamchoka kabla ya mwezi kuisha, na Mjomba amesema atarudi Pasaka. Anahitajika samaki. Wawili, kwa usalama. Nikaisuuza chupa ileile, nikaikausha, nikaitia ndani ya sweta la shule kwa ajili ya kesho.