Joto la Jirani

Jumatatu, 12 Januari

Baridi. Evere yote, mtaa wetu huu wa Ubelgiji, imekuwa na rangi ya sufuria kuukuu. Ndege zinazoshuka kwenda uwanjani zinapita chini kabisa, kama nazo zinatafuta mahali pa kuota moto.

Leo nimegundua jambo kubwa! Nilikuwa nimeegemea ukuta wa kulia, natafakari, yaani nasinzia, nikahisi mgongo unapata uvuguvugu. Kama kiti alichotoka kukikalia mtu. Unatoka wapi? Rejeta yangu nimeifunga tangu Krismasi kwa kuogopa bili ya gesi. Kwetu Kasulu rejeta ni ya lori. Hapa kila chumba kina yake ya kukipasha moto, na kila moja inakunywa kuliko lori.

Nikafikiri. Nikaelewa. Upande wa pili wa ukuta ule anaishi Maman Émérance, mjane wa Bukavu. Ni joto lake! Linavuja linakuja kwangu. Bure!

Nimechora fleti yangu kichwani. Kulia Maman Émérance. Kushoto Rigobert wa Uvira, shemasi, mtu wa suti. Chini mzee Jean-Pierre, Mbelgiji, dereva mstaafu wa tramu. Juu paa na njiwa. Watatu hao wakiwasha, mimi wa katikati niwashe nini? Akili ni nywele, na zangu zilipoanguka zilianguka kwa ndani.

Nimesogeza kiti ukutani. Nimeota niko jikoni kwa bibi, mgongo kwenye ukuta wa udongo, na upande wa pili mtu anachoma mahindi, anayageuza polepole, hana haraka na dunia.

Jumatano, 14 Januari

Ukuta umepoa!

Nimekwenda kwa Maman Émérance kwa kisingizio cha kuomba chumvi. Nimemkuta sebuleni kwake na koti, na kofia, na kitenge juu ya kofia. Kumbe lile joto lilikuwa maharage. Alikuwa anachemsha maharage! Rejeta yake imezimwa kama yangu.

Nikamuuliza kwa nini haendi CPAS, ile ofisi ya komuni, yaani manispaa, inayosaidia wasioweza kulipia moto wa nyumba. Akasema anaijua. Lakini mtu aliyekuwa na duka lake Bukavu haendi kupanga foleni kuomba moto, na watu wa kanisani wakimwona je? Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kifua chake kikapiga mluzi kama birika.

Nimesikitika sana. Kwanza kwa ajili yake. Baadaye, nikiwa ngazini, kwa ajili ya mgongo wangu.

Ndipo Mpango ulipokuja, mzima, kama umeshushwa kwa kamba. Nitawatafutia majirani wote msaada wa serikali. Wao watapata moto. Mimi nitapata kuta.

Jumatatu, 19 Januari

Nimempeleka Maman Émérance CPAS. Nilimdanganya kwamba shida ni yangu na naona aibu kwenda peke yangu. Akavaa kofia ya Jumapili, akatangulia mbele kama mama mkwe. Kwenye foleni, nyuma ya skafu kubwa, tukamkuta kiongozi wa kwaya ya kanisa lake! Wakatazamana. Wakakumbatiana. Wakaanza kuisema vibaya bei ya gesi, na aibu ikaishia hapo.

Mzee Jean-Pierre alikuwa mgumu zaidi. Alisema ameendesha watu wa mji huu maisha yake yote, hawadai na hawamdai. Nikamwambia si sadaka, ni kodi yake mwenyewe inarudi nyumbani, na imechelewa kama tramu. Akainuka. Akavaa kofia yake ya kazi.

Aliyetupokea ni Priscille, binti mshauri wa mambo ya nishati, mzaliwa wa hapa hapa, wazazi wa Bukavu. Alisema ofisi itasaidia madeni yao, wawashe bila hofu, na yeye atakuja kukagua nyumba zao. Kisha akanigeukia.

"Na weye, papa? Kwako chauffage iko?"

Nikacheka kifalme. Nikamwambia mimi ni mtu wa nyanda za juu, sihitaji moto wa nyumba, baridi ni ndugu yangu wa damu. Wote wakanitazama kwa heshima. Maman Émérance akanishika mkono akasema Mungu anaona. Nikaangalia dirishani.

Jumanne, 27 Januari

JOTO!

Ukuta wa kulia unapumua. Sakafu ni kama mchanga wa Kigoma saa za jioni. Nimevua soksi! Nimetembea pekupeku kutoka mlangoni hadi dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Nje mvua ya barafu, watu wa ofisini wanakimbilia basi wamejikunja kama kamba. Mimi nimesimama kwenye zulia, naelea. Chumba kimekuwa ziwa asubuhi kabla ya mtumbwi wa kwanza. Nimefumba macho, nikasahau jina langu kwa muda, wala sikulitafuta.

Doa moja tu. Ukuta wa kushoto, wa Rigobert, ni jiwe la kaburi. Mtu mwenye suti nyingi vile haoni aibu?

Nimeweka sikio ukutani. Kimya. Nikapiga chafya. Ukuta nao ukapiga chafya! Karibu kabisa, kama yuko ndani ya shati langu.

Nilipokutana naye ngazini nikamuuliza kwa nini hawashi. Akauliza kwa nini mimi siwashi. Tukaelewana. Mshenzi huyu ameuegemea ukuta wangu tangu Novemba, ananisubiri mimi! Nikamwambia ni wizi kumwegemea mtu bila ruhusa. Akanijibu kwamba Mutanzania kweli hana aibu, amemuachia yeye, mutumishi wa Mungu, agande.

Hatusalimiani tena.

Alhamisi, 5 Februari

Msiba. Nimesalitiwa na serikali.

Priscille amekuja na mafundi wawili. Nilimfungulia mlango wa chini mimi mwenyewe, mjinga mimi! Kwa Maman Émérance wameweka karatasi ya rangi ya fedha nyuma ya rejeta, inayorudisha joto chumbani. Wameziba nyufa zote kwa mikanda ya sponji. Kwa mzee Jean-Pierre wameweka pazia zito kama la ukumbi wa sinema, na swichi inayopunguza moto yenyewe kabla haujapanda darini. Darini! Yaani kwangu.

Priscille akaeleza kwa furaha kwamba sasa hata tone la joto halitapotea. Kila mtu akapiga makofi. Na mimi nikapiga. Maman Émérance alikuwa amevua koti. Nilikuwa sijawahi kumwona bila koti. Ana mabega madogo.

Jioni sakafu imekufa. Ukuta wa kulia bado una uhai kidogo, sijui kwa nini. Labda karatasi yao ni mbovu. Lakini uhai kidogo haumfai mtu mzima.

Jumatatu, 9 Februari

Mpango mpya. Matonge, mtaa wa Waafrika!

Nimeshuka kituo cha Porte de Namur, nikaingia saluni ya Abigaël, binti wa Goma, mtu wa huruma kupita kiasi. Kuna joto, kuna redio, kuna harufu ya mafuta ya nazi. Abigaël akaniuliza mwenye upara anataka nini saluni. Nikamwambia daktari amenishauri nipate hewa ya moto kichwani. Akanitazama sana. Kisha akanikalisha chini ya draya iliyokuwa haina mteja.

Ee Bwana! Ule mvumo masikioni, kama nyuki wa mbali wanaokubaliana jambo. Wateja wanafungua midomo, sauti haifiki. Wote wanasema mambo mema, nina hakika. Nimesinzia hadi nikahisi nywele zinaota. Niliamka nikajipapasa. Hazijaota.

Nitakwenda kila siku.

Jumatano, 11 Februari

Rigobert amevunja kimya chake leo, kwa raha. Alikuwa ananisubiri ngazini na tai nyekundu. Anasema polisi wa mtaa amekuja kunitafuta mara mbili, mimi sipo. Msomaji wa mita ya gesi aliripoti kwamba sindano yangu haijasogea. Komuni sasa inadhani hakuna mtu anayeishi kwangu.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba wakiandika hakuna mtu wananifuta kwenye daftari la wakazi. Aliyefutwa hapati posho ya CPAS. Asiye na posho halipi kodi ya nyumba. Anamjua mtu wa Uvira aliyefutwa hivyo, na alihangaika mwaka mzima kuthibitisha kwamba yupo.

Nikamuuliza yeye alimjibu nini polisi. Akasema yeye hafuatilii maisha ya watu. Nyoka!

Nimekaa kwenye kiti na koti. Tangu hoteli niliyokuwa napikia ilipofungwa, posho ndiyo inayonilisha. Nimeitazama mikono yangu. Hii hapa. Ipo. Lakini nani atasema?

Ijumaa, 13 Februari

Leo sikwenda Matonge. Nimemsubiri polisi. Nimevaa kila nguo niliyonayo, nikajifunika pazia juu yake, nikakaa ukuta wa kulia, macho kodo.

Nikaota. Kengele ya parokia ya Kasulu inalia, watu wanashuka mlimani wamevaa nyeupe, ukungu unawafika kiunoni, wanaelea. Nikawa nasema moyoni, kengele nzuri, acha ilie. Ikalia. Ikalia. Ikanyamaza.

Nikashtuka. Ilikuwa kengele ya mlango wangu! Nje nikasikia sauti ya mwanamume ikisema kwa Kifaransa, basi, anaandika kwamba hakuna mtu. Nataka kusimama, miguu imekufa ganzi. Nikaita, sauti ikazama ndani ya pazia.

Ndipo nikamsikia Maman Émérance. Alitoka na kile Kifaransa chake cha dukani, kilichonyooka. Akamwambia polisi aweke kalamu chini. Akasema anaishi ukuta mmoja na mimi, na kila asubuhi ananisikia nakohoa. Akaongeza kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu: "Muntu mwenye anakohola, eko!"

Polisi akauliza kama kuna shahidi mwingine. Mlango wa kushoto ukafunguka. Rigobert! Nikajua nimekwisha.

Akasema, taratibu, kama anasoma somo la kwanza kanisani, kwamba mimi nipo. Ni mtu mgumu, mwongo kidogo, na anapiga chafya kwa sauti mbaya sana. Lakini yupo.

Nimetambaa hadi mlangoni nikafungua. Polisi aliruka nyuma alipoona pazia linatembea. Kisha akanipa mkono, na alipougusa wangu hakuuachia. Uso wake ulibadilika. Akauliza kama nina mtu wa kumpigia simu. Maman Émérance alikuwa ameshampigia Priscille.

Jumatatu, 16 Februari

Priscille amekuja. Ameshika rejeta yangu, ameshika kuta. Halafu akauliza kama napokea posho ya CPAS. Nikasema ndiyo.

"Alors papa, tarif social uko nayo tayari! Ile bei ya chini. Inakuyaka yenyewe, hata hauombe."

Sikuelewa. Akarudia taratibu. Kwa mtu kama mimi bei ya gesi inashushwa moja kwa moja. Ilikuwa imeshuka siku zote. Nilikuwa siangalii bili, nilikuwa naziogopa tu. Krismasi nzima, Januari nzima, nimeganda bure!

Akawasha mwenyewe. Bomba likanguruma, likapiga kwikwi, likaimba. Nikaenda dirishani, nikatazama ndege kwa muda mrefu.

Baadaye tukaenda kwa Maman Émérance kukagua kazi ya mafundi. Priscille akachungulia nyuma ya rejeta na kushangaa. Ile karatasi ya fedha haipo. Maman Émérance akasema aliibandua yeye, siku ile ile mafundi walipoondoka. Priscille akamuuliza kwa nini, joto lake lote linapotelea ukutani.

"Haipotei," akasema. "Upande ile kuko muntu."

Alisema hivyo huku akinimiminia chai, bila kunitazama, kama anazungumzia hali ya hewa. Kifua chake hakipigi mluzi tena. Nilitaka kumwambia ukweli wote kuhusu Mpango. Nikafungua mdomo. Nikaweka andazi.

Jumapili, 1 Machi

Chumba kina joto, nina afya, na mtu mwenye afya anafikiri.

Baada ya misa watu walikuwa wanakumbushana joto la Julai iliyopita. Walivyolala na taulo za maji! Mzee Jean-Pierre alivyokaa na miguu kwenye beseni! Na serikali inasaidia moto, lakini ubaridi je? Nani anasaidia ubaridi?

Nimesimama katikati ya njia. Mwanga!

Ukuta unaweka joto, hilo nimelithibitisha kwa mgongo wangu. Basi ukuta unaweka na baridi. Sasa hivi baridi ni ya bure, imejaa mtaani, hakuna anayeitaka. Ukiijaza kwenye kuta zako mapema, ukaifungia vizuri, Julai wewe ni tajiri. Watakuja na viti vyao. Maman Émérance sitamtoza. Rigobert atalipa mara mbili.

Nimefunga rejeta. Nimefungua madirisha yote. Theluji inaingia, chembe moja moja, inazunguka kidogo kana kwamba inachagua mahali, kisha inakaa kwenye zulia.

Karibu. Karibuni nyote. Mtaji huo!